Dirisha la Babu Bafuni kwa Halina

Kilima cha Wapolandi, Pittsburgh
Machi 3

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Majengo,

Natumaini hujambo, na kamati nzima haijambo. Mimi ni Bronislawa Wojtas, mjane wa miaka sabini na minane. Naishi mkabala na lililokuwa kanisa la Mtakatifu Floriani, ambalo mnataka kumruhusu Bwana Kessler aligeuze kuwa nyumba kumi na nne za kupangisha. Napinga, kwa heshima zote, kwa sababu hizi:

1. Maegesho. Nimeambiwa kila malalamiko katika mji huu huanza na maegesho, nami nimeanza nayo. Sina gari.

2. Ramani mliyobandika mlangoni inaonyesha dirisha la tano la vioo vya rangi likiangukia bafuni, nyumba namba nne. Dirisha hilo lilitolewa zawadi kwa kanisa na babu yangu Walenty, mfanyakazi wa tanuri la chuma, na jina lake limeandikwa miguuni pa Mtakatifu Floriani. Babu alikuwa mtu wa haya. Hata nyumbani kwake alikula amevaa koti. Leo mnataka amkodolee macho mtu anayejisugua mgongo.

3. Mtu mwenyewe ni Halina Pytel, ambaye keshatia saini mkataba wa kupanga namba nne. Tumeketi benchi moja miaka arobaini bila kusemezana, tangu siku ile jikoni kanisani, tukikunja pierogi za Kwaresima, zile sambusa zetu za Kipolandi za kuchemsha, aliponiambia mbele ya wanawake wote, "Bronia, unga wako huu ungefaa kuzibia bomba." Kila Jumapili, wakati wa kupeana amani, nilimpa vidole viwili. Zaidi ya hapo sikuweza.

4. Halina anapenda maji ya moto kupita kiasi. Mvuke utamtoa mtakatifu jasho, watu watasema ni muujiza, mahujaji watakuja kwa mabasi, na hapo tunarudi kwenye maegesho.

5. Kwa hiyo naomba kanisa lifunguliwe upya, au Halina apigwe marufuku kuoga. Nitaridhika na lolote kati ya hayo. Siku walipotoa mabenchi nililia barabarani, Ndugu Mwenyekiti, na sikujali nani ananiona. Hakuna mahali pengine duniani palipoandikwa jina letu.

Nisalimie wanakamati wote, na yule karani aliyenipa kiti nilipochoka kusubiri. Mama yako pia, kama yu hai.

Wako katika masikitiko,
Bronislawa Wojtas

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Halina kaja na sahani ya pierogi. Nikamuuliza kwa nini, kati ya nyumba kumi na nne, achague namba nne. Akasema, "Mgeni angetundika pazia juu ya jina la mzee Walenty. Mimi sitatundika." Kisha akatazama sakafu, akasema kuna vyumba viwili vya kulala, na yeye peke yake hawezi kuvijaza. Tafadhali choma barua hii, ila usichome namba moja. Halina ana gari, tena kubwa.