Refa Aliyekataa Kutuita Turudi

Xiaobei, Guangzhou, China.

Kwa Jovitha, Mwenyekiti wa Wanafunzi wa Afrika Mashariki, chuoni kwenu.

YAH: KUVULIWA ULEZI WA TIMU BILA HATA KUPEWA CHAI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na una aibu kidogo. Mimi ni Mzee Khatib, muuza vitambaa wa soko la Zhanxi, ambaye hadi juzi nilikuwa mlezi wa timu yenu ya mpira wa Kimarekani, ule wanaouita wa miguu na kuucheza kwa mikono. Jana nililetewa ujumbe kwenye simu kwamba ulezi wangu umekoma, na keshokutwa kwenye mechi ya mwisho nisionekane karibu na benchi. Shule niliiacha darasa la tano, tena kwa kupitia dirishani, lakini dharau naweza kuisoma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kofia. Kocha wenu Hénoc, mtoto wa Lubumbashi, aliniletea picha ya timu ya chuo kimoja kidogo cha Marekani, miaka ile vita vya Hitla vilipokwisha. Vijana wamevaa kofia za ngozi, wanacheka kama mabingwa, kumbe msimu mzima walikuwa wanafungwa. Hénoc akasema, "Papa, nataka roho kama hii." Roho siuzi, nikamtafutia kofia. Kazi nilimpa fundi wa mikoba, na zikaja nzuri sana, zina zipu na mkono wa kubebea. Mkanicheka. Kijana wetu Godson alipozimia mechi ya pili, mlimtoa uwanjani kwa kushika nini?

2. Yadi. Mchezo huu wote ni wa yadi, ndiyo maana mkanifuata mimi. Yadi nilianza kuzipima kabla mama yako hajaota meno. Sasa wanakuja watu wawili na mnyororo wa kupimia, umelegea, kama wanatafuta mbuzi wa kumfunga, na refa anasema tumepungukiwa. Nikaingia uwanjani, nikapima upya kwa mkono wangu, kutoka puani hadi ncha ya kidole. Ilitimia, ikabaki na ya kushonea mfuko. Badala ya kunishukuru, refa akapuliza filimbi.

3. Hili ndilo kubwa. Jumamosi tulikuwa tunaongoza, mara ya kwanza tangu msimu uanze. Hénoc alikuwa analia kwa Kifaransa. Godson akamkumbatia mchezaji wa wenzetu ambaye hata hawajuani, refa akasema kumshika asiye na mpira ni kosa, akatutoza yadi kumi. Nikamfuata kwa adabu. "Laoban," nikamwambia, kama tunavyomwita kila mwenye duka hapa, "tai gui, ghali mno. Fanya tano." Ndugu Mwenyekiti, refa akapandisha, zikawa ishirini na tano! Miaka yote niliyokaa mji huu sijaona mtu anaombwa punguzo anaongeza bei.

Nikafanya ambalo yeyote mwenye akili angefanya Zhanxi. Nikawaambia vijana, "Tunaondoka. Msigeuke nyuma, anayegeuka amenunua. Atatuita tu." Wakanifuata wote. Hénoc alikuwa anapiga kelele, "Papa, non!", nami nikamsifu moyoni, nikadhani anakoleza maigizo. Tukapita benchi. Kimya. Tukapita geti. Nikapunguza mwendo ili refa asipate taabu kutufikia. Tukapanda metro na kofia zetu, tukashuka Xiaobei, na tulipofika barabara ya Huanshi Zhonglu Godson akaniuliza, "Mzee, ataita saa ngapi?" Nikamwambia huyu ni mgumu, lakini wagumu ndio huita kwa sauti kubwa.

Hakuita. Ushindi wakapewa wenzetu. Nauliza: kosa ni la mteja aliyeondoka, au la muuzaji aliyenyamaza?

Kwa hiyo nadai: kwanza, refa apelekwe Zhanxi akafundishwe kuita watu. Pili, mechi irudiwe kuanzia pale tulipogeuka. Tatu, nirudishiwe ulezi, pamoja na hotuba. Nne, kiti changu kando ya benchi, chenye mto. La sivyo nitawaandikia Wamarekani wenyewe wafute yadi wahamie mita, tuone watacheza nini. Na yasipotimizwa yote, mambo ya timu nayaacha leo hii, naondoka, na sigeuki.

Nisalimie Hénoc na machozi yake, Godson na shingo yake, na wachezaji wote waliotembea vizuri sana. Refa naye msalimu, mwambie sina kinyongo, nina bei.

Ni mimi niliyekwisha kuondoka,

Mzee Khatib, Vitambaa vya Jumla.

N.B. Hayo manne ni bei ya kuanzia, mjukuu wangu, unanijua. Refa mwacheni, Godson alimkumbatia yule mtu kweli, nilimwona. Mechi isirudiwe. Ulezi mpeni mwingine. Hata kiti sitaki, nitasimama nyuma ya kamba nishike chupa za maji, mdomo nimefunga zipu kama kofia. Jumamosi zangu za zamani nilikuwa nashinda na vitambaa, na vitambaa havijui kufungwa wala kucheka. Barua hii naileta mwenyewe. Nikishamkabidhi mlinzi wa geti lenu, nitaelekea mkono wa kushoto, polepole. Ita tu, Jovitha. Nitageuka.