Ombi la Kuondoa Pazia Kwenye Mchezo wa Vita

Kambi ya Juu, karibu na Roret
9 Juni 1971

Bwana Katibu wa Klabu ya Wafanyakazi,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mzima wa mwili; jina langu ndilo mgonjwa.

Shida ni ule mchezo wa vita aliotuachia meneja aliyerudi kwao. Kama unavyojua, unachezwa juu ya meza mbili zenye ramani inayofanana, na pazia katikati. Kila mtu husogeza askari wake kwa zamu bila kuona wa mwenzake. Kipkoech, dereva wa lori, ndiye mwamuzi. Yeye peke yake huona pande zote, na hutangaza tu askari wanapokutana.

Jumamosi nitacheza na mama mkwe wangu, Syprose, wa chumba cha kuchambua chai. Mshindi atatuwakilisha kwenye mashindano kule Chepseon. Mpaka sasa amenishinda kila mara. Naomba pazia liondolewe, kwa sababu hizi:

1. Mimi ni nyapara. Kazi yangu ni kusimama juu ya mteremko na kuona kila mchumaji yuko mstari gani. Kuniambia nipigane na mtu nisiyemwona ni kudharau cheo.

2. Mama mkwe ananufaika na kujificha. Juzi nilipeleka jeshi langu lote darajani. Kipkoech akatangaza, "Daraja lina wenyewe!" Nikamsikia mama mkwe ng'ambo ya pazia, akiniita kwa jina la mwanangu, "Mwambieni Baba Kebaso avue viatu, maji ni mengi." Klabu nzima ikacheka. Nikarudisha jeshi. Mchezo ulipokwisha, Kipkoech alituonyesha aliyekuwa akilinda daraja: mpiga tarumbeta mmoja.

3. Pazia linafanya mchezo usiishe. Mimi na Okoth wa bohari tulijaribu bila pazia. Mara ya kwanza tulifurahi. Mara ya pili kila mmoja alijua la mwenzake. Mara ya tatu tulikunja ramani tukaenda kulala. Huo ndio mchezo wa heshima, unaisha. Huu wa pazia watu wanaurudia kila Jumamosi tangu masika, na hakuna awezaye kusema utakwendaje. Bustani za mboga zitapaliliwa lini?

4. Hata bila pazia, mama mkwe atabaki na mipango kichwani. Naomba aitangaze Ijumaa, ibandikwe kwenye ubao wa klabu.

5. Akibadilisha mpango baada ya kuutangaza, nihesabiwe mshindi. Asipobadilisha, nihesabiwe vilevile, kwa maana mtu mkweli namna hiyo atatutia aibu Chepseon.

Nisalimie kamati yote, Mama Priscillah wa kantini, na Kipkoech, ambaye simlaumu kwa kicheko chake, ingawa kilikuwa kirefu.

Wako katika kazi,
Zacheus Nyamweya, nyapara

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nimemsomea mke wangu, Yunia. Ameniuliza, "Pazia likitoka, wewe na mama mtaketi mkitazamana usoni mbele ya watu?" Bwana Katibu, kwetu Gusii mwanamume haketi hivyo na mama mkwe wake. Ningelazimika kuondoka mezani, na safari ya Chepseon ingekuwa yake kabla askari hata mmoja hajasogezwa. Kwa hiyo tafadhali liache pazia. Tena kama kuna kitambaa kilichobaki, liongezwe urefu. Juzi nilikiona kilemba chake.