Jina Langu kwenye Ubao wa Kirpichnik

Jumatatu, 9 Septemba

Habari tamu! Klabu yetu ya soka ya Kirpichnik inatundika ubao langoni mwa uwanja. Majina ya vikosi vyote, tangu wafyatua matofali wa mji wetu wa Zarechinsk walipoianzisha mwaka 1931 mpaka leo. Sharti moja tu: uwe umewahi kuandikwa kwenye orodha ya mechi. Nilipiga makofi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi sijawahi. Msimu wote wa 1984 nilikuwa kipa wa tatu, na orodha iliishia kwa kipa wa pili. Tangu hapo naendesha basi la timu.

Lavr, mtunza vifaa, yumo. Mwaka ule ule aliingia dakika nne, akajifunga bao. Leo ameniuliza kama jina lake liandikwe kwa rangi ya dhahabu. Roho imeniuma!

Jumatano, 11 Septemba

Sijakesha bure. Februari kipa wa tatu alihama, na kocha Vissarion Kuzmich akaniandikisha ligini kujaza nafasi, akicheka. Acheke tu! Kipa wa pili, Timur Galeyev, asipofika Jumamosi, benchi litahitaji kipa. Nani mwingine? Nimezipaka glavu zangu mafuta ya alizeti. Zinanuka saladi.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemwambia Timur basi litaondoka saa nne. Litaondoka saa tatu. Amenishukuru, akanipa nusu ya andazi lake la kabichi. Kijana mzuri sana. Nilikula kwa aibu, ila nilimaliza.

Jumamosi, 14 Septemba

Niandike yote, mgongo ukiniruhusu.

Saa tatu kasoro, kila mtu ndani ya basi. Tukakaa kimya dakika moja kama kawaida, safari isiharibike. Kocha akauliza Timur yuko wapi. Nikasema anakuja na gari la mjomba wake. Nikawasha. Nyimbo! Furaha! Nilishajiona kwenye benchi na koti refu.

Tulipofika nyumba za mwisho za mji, simu ya kocha ikalia. Timur yuko langoni peke yake, na mjomba mwenye gari hana. Kocha akaamuru tumfuate. Sasa, basi la Kirpichnik halipigi rivasi siku ya mechi. Mwaka 1997 lilirudi nyuma mita moja na nusu, tukashuka daraja. Kwa hiyo nikakata kona kwenye uchochoro, nizunguke. Uchochoro ukaishia kwenye uzio wa Agrafena Savvishna, bibi wa miaka themanini, aliyekuwa akichimba viazi.

Bibi akashangaa, akauliza kwa nini tusirudi tulikotoka. Nahodha akaziba masikio. Wengine wakashauri tulisukume, lakini kulisukuma nyuma nako ni kurudi nyuma. Kocha akashuka, akavua kofia, akamwomba tubomoe uzio tupite shambani hadi barabara ya pili.

Bibi akamtazama kuanzia viatu. “Bomoeni, wanangu. Lakini basi lenu halikanyagi kiazi changu hata kimoja. Vyote vitoke kwanza.”

Kikosi kizima cha wachezaji wa kulipwa kikainama! Beki wa kushoto alijua kushika sepetu, akawa mwalimu. Washambuliaji walijaza ndoo. Timur akatufikia na baiskeli ya kuazima, jasho likimtoka, akamwambia kocha kuwa Mjomba Prokhor, ndivyo vijana wanavyoniita mimi, alimtajia saa nne. Kocha akanigeukia. Nikasema saa yangu ni mbovu. Lavr akasema hajawahi kuniona na saa. Nikapewa mistari miwili ya viazi nichimbe peke yangu. Timur akaja kunisaidia, na hilo liliniuma kuliko mgongo.

Tulifika uwanjani dakika ishirini kabla ya mechi, matope mpaka magotini. Na tukashinda tatu bila! Ugenini, mara ya kwanza tangu masika! Wachezaji wanasema miguu ilikuwa imeshapata moto. Tuliimba njia nzima. Niliimba kuliko wote, ingawa jina langu halikuandikwa popote.

Jumatatu, 16 Septemba

Ubao umefunuliwa. Lavr yumo, rangi nyeupe kama wengine. Chini kabisa, kwenye kikosi cha mwaka huu, kuna jina moja la dhahabu: Agrafena Savvishna! Kocha ameamuru kila mechi ya ugenini, kwa ajili ya bahati, tupite shambani kwake, uzio ubomolewe, kitu kichimbwe. Sharti la orodha limesahauliwa. Bibi alilia kwa furaha, akagawa viazi vya moto na bizari. Nikala sita.

Kocha akanishika bega pembeni. “Mjomba Prokhor, wewe dereva wetu. Bila wewe hatufiki popote.” Machozi yalinilenga. Nimeelewa sasa, kila mtu ana nafasi yake, na yangu ni usukani.

Jumanne, 17 Septemba

Nimenunua mbao kumi na mbili. Uchochoro uleule, hatua thelathini kabla ya bibi, kesho najenga uzio wangu, na nyuma yake nafukia karoti. Mechi ijayo watabomoa wangu kwanza. Nitakuwa nimesimama pale na kofia mkononi, nimeshangaa kama bibi. Basi litaendeshwa na Lavr. Ana leseni ya trekta. Sioni kasoro yoyote.