Maswali Matano Kabla ya Chai

Natangaza kwa heshima na taadhima kwamba mimi, Mwanarusi binti Shee, mkaazi wa Kuze, mjane na nyanya wa wajukuu tisa, ndiye mwananchi wa elfu nne mia moja na kumi na sita kupumzishwa rasmi na Idara ya Mgao wa Maji na Mahusiano Mema. Nina barua. Ina muhuri. Mjukuu wangu Lamis ameitia kwenye fremu ya picha ya babu yake. Babu yake yuko nyuma ya barua. Alikuwa mtu wa kupisha wenzake hata alipokuwa hai.

Mitaani watu husema "kublokiwa." Idara hailipendi neno hilo, lina ukali. Wao husema mwananchi "amepumzishwa kimtandao ili apate utulivu wa kifikra." Nilipoelezwa hivyo nilishukuru. Kwa umri wangu, si wengi wanaokumbuka kwamba nahitaji kupumzika.

Kosa lilikuwa langu. Kila asubuhi, nikishasali na kabla sijanywa chai, nilikuwa naandika kwenye ukurasa wa Mkurugenzi, Bwana Kavumbi. Lamis alinifundisha, naandika kwa kidole kimoja. "Sabalkheri, mwanangu. Umeamkaje? Mama watoto hajambo? Watoto wazima? Kazi zaendaje? Na maji ya Kuze yatakuja lini?" Huku kwetu huwezi kumrukia mtu na habari za maji hujamuuliza watoto wake. Utaonekana hukulelewa.

Bomba la Kuze lilikauka mwezi wa tatu. Tangu hapo tunaletewa bowsa, lile lori la tangi la maji, na siku, saa na mahali pa bowsa hubandikwa kwenye ukurasa wa Mkurugenzi, asubuhi ileile, na si kwingine. Ni utaratibu mzuri, huokoa karatasi. Ila mimi nina jirani hapa chini, Mejumaa, ambaye amelala kitandani tangu alipopooza upande mmoja. Bila kuoshwa mara mbili kwa siku, mgongo wake hutoka vidonda. Kwa hiyo ukurasa ulipokataa kufunguka, nilivaa buibui langu nikaenda Idarani.

Nilipokewa na afisa anayeitwa Kadzo. Alinipa kiti chake akasimama yeye, akanigeuzia feni, kisha akafungua faili.

"Nyanya, hapa umeandikwa muulizaji sugu."

"Nimeuliza nini, mwanangu?"

"Maswali matano kila siku, kwa siku mia mbili na kumi. Hayo ni maswali elfu moja na hamsini."

"Lakini manne ni salamu."

"Mfumo haujui salamu, nyanya. Ukiona alama ya kuuliza, unahesabu."

Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Nairobi imewaagiza wakurugenzi wote wajibu kila swali la mwananchi. Bwana Kavumbi alikuwa akijibu maswali matatu katika mia. Akaandikiwa barua kali. Ikaundwa Kamati ya Kuoanisha Maswali na Majibu, ikajifungia hotelini Nyali siku tatu, ikagundua kwamba njia ni mbili: kuongeza majibu, au kupunguza waulizaji. Njia ya pili ikaonekana kuwa ya kisasa zaidi.

"Sasa tumefika tisini na sita kwa mia," akasema Kadzo. "Ukitoka wewe, tunafika tisini na tisa."

"Basi nimesaidia."

"Sana, nyanya."

"Na nikitaka kufunguliwa?"

"Kuna fomu."

"Iko wapi?"

Kadzo akatazama feni. "Kwenye ukurasa."

 Kisha akanimegea mahamri yake nusu, tukala. Msichana mwema sana.

Nilimwachia Lamis kazi ya kuulizia maji. Lamis ni mwalimu, maswali yake yana mpangilio, naye akapumzishwa siku ya pili. Wa tatu alikuwa Chonga, muuza kahawa wetu, na yeye hakuuliza kitu. Aliweka tu uso unaocheka chini ya picha ya Mkurugenzi akifungua mfereji usio na maji. Barua yake ilisema amepumzishwa kwa "kucheka pasipo na kichekesho."

"Mimi nimefungiwa kwa jino moja!" Chonga akawa anatangaza barazani, akitikisa vikombe vyake. "Ningecheka mdomo mzima wangeninyonga!"

Baada ya wiki tatu hapakuwa na mtu Kuze aliyekuwa akiuona ukurasa. Bowsa lilikuja Jumatatu adhuhuri. Dereva alipiga honi polepole kwa kuwa watu walikuwa msikitini, nami namshukuru kwa adabu hiyo. Alisubiri dakika kumi, hakuona ndoo, akaondoka. Ripoti yake, nilikuja kuambiwa, ilisema: "Kuze: wakaazi hawana kiu."

Mejumaa tulikuwa tukimpangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Kidonda cha kwanza kilitoka ubavuni, kidogo kama kifungo cha shati. Hakulalamika. "Leo nimeoga kama paka," akaniambia, "kesho nitaanza kukamata panya."

Sasa nifike kwenye msiba.

Alhamisi ile nilikuwa natoka Marikiti na fungu langu la mchicha. Kufika Makadara, naona turubai limefungwa kiwanjani. Viti vimepangwa safu safu, mia nne si haba. Hakuna ngoma, hakuna taarabu. Maafisa wa Idara wamesimama mlangoni na suti nyeusi, nyuso zimeanguka. Na mbele kabisa, juu ya meza, picha kubwa ya Bwana Kavumbi imezungushiwa maua meupe, na chini imeandikwa: TUNAKUENZI, MTUMISHI WA WATU.

Sisi hatuweki picha ya maiti na maua, lakini wenzetu wa bara huweka. Nilielewa mara moja.

Nilimshika afisa wa kwanza mkono, kijana aitwaye Morris. "Makiwa, mwanangu," nikampa pole.

"Asante sana," akajibu. "Karibu kiti."

Maskini, uchungu ulikuwa umemchanganya hata hajui la kujibu.

Nilirudi Kuze mbio, kwa mbio nilizo nazo. Nusu saa haikupita. Huku kwetu habari ya kifo haihitaji ukurasa, hupita dirisha kwa dirisha. Wanawake wakatoka na mabuibui yao. Chonga akabeba dele lake la kahawa na vikombe vyote. Wachukuzi wa Marikiti, ambao nusu yao walikuwa wamepumzishwa, wakaleta mkokoteni wenye gunia la mchele na kuni. Hakuna aliyesema "lakini alinifungia." Mtu akishakufa, humwendei kwa hesabu.

Tukajaza turubai. Maafisa wakafurahi mno, nami nikaona ni kweli, umati hupunguza majonzi.

Baadaye nikajua kwamba siku hiyo Bwana Kavumbi alikuwa atunukiwe Kikombe cha Mawasiliano Bora na Wananchi, kwa kufikisha mia kwa mia. Mwaliko ulikuwa umebandikwa kwenye ukurasa. Nyuso za maafisa zilianguka kwa kuwa hadi saa tatu hakuna kiumbe aliyekuwa ametokea.

Akashuka mama mmoja kutoka kwenye tuktuk, suti ya buluu, jasho linamtiririka, amebeba sanduku. Hakuna aliyempokea. Nikamvutia kiti karibu yangu, nikampepea kwa ncha ya leso.

"Asante, mama. Hapa pana nini?"

"Msiba, mwanangu."

"Nani amefariki?"

"Bwana Kavumbi. Mkurugenzi wa maji."

Akaruka. "Kavumbi! Jana jioni ameniletea ripoti!"

"Basi alikuwa hodari mpaka dakika ya mwisho," nikamwambia. "Wewe ulikuwa nani wake?"

"Mimi ni Auma. Katibu wa Wizara, kutoka Nairobi. Nimemsubiri stesheni, sikumwona."

"Angefikaje stesheni, na hali ndiyo hii?"

Akashika kichwa. Chonga akamtilia kahawa, akanywa, akatulia. Kisha akataka kujua marehemu alikuwa mtu wa namna gani kwa wananchi.

Huwezi kumsema maiti vibaya, hasa kwa mgeni. Safu nzima ikajikuna vichwa.

"Alikuwa mkimya," Chonga akasema hatimaye. "Wallahi, sijaona mtu mkimya kama yule."

"Hakuwa mtu wa kurudisha maneno," akaongeza mchukuzi mmoja. "Ukimsemesha asubuhi, mpaka jioni hajakurudishia hata moja."

Mimi nikakumbuka jambo. Siku moja hapahapa Makadara, gari lake lilirudi nyuma kupisha mkokoteni wa nazi. Nikalisema hilo, na nikalia kidogo, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Lakini ripoti yake yasema alijibu maswali yote," akasema Bi Auma.

"Yote ya waliobaki," nikamjibu. Nikamweleza utaratibu, kama Kadzo alivyonieleza, wala sikuacha kusifu Kamati. Nikamweleza bowsa la Jumatatu. Nikamweleza ubavu wa Mejumaa. Bi Auma akawa haniangalii tena, anaangalia ile picha yenye maua.

"Hata mimi ukurasa wake siuoni tangu Desemba," akasema polepole. "Nilidhani simu yangu ina kasoro."

Kadzo alikuwa akipita na sinia la vikombe. Akainamisha kichwa. "Nambari elfu mbili na saba, mheshimiwa. Sababu: kuuliza jambo moja mara mbili."

"Na kwamba atanipokea uwanja wa ndege badala ya stesheni?"

"Ilibandikwa, mheshimiwa."

Ndipo gari jeupe likasimama, na Bwana Kavumbi akateremka na shada la maua mkononi.

Wanawake walipiga ukelele. Mchukuzi mmoja akaruka juu ya gunia la mchele. Bwana Kavumbi, kuona umati ule wote umesimama kwa ajili yake, akapunga mkono na kutabasamu. Mimi moyo ulinijaa. Nilimwendea nikamshika mikono yote miwili, ilikuwa ya moto, ya mtu mzima kabisa.

"Alhamdulillahi, mwanangu, uko hai! Umeamkaje?"

Sikukusudia baya, ndiyo salamu niijuayo. Lakini niliuona mkono wake wa kulia ukinitoka na kwenda mfukoni, kwenye simu, kidole gumba kimekwisha nyanyuka.

"Mjibu," akasema Bi Auma nyuma yangu.

"Nimeamka salama," akasema Bwana Kavumbi.

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto wazima?"

Akautoa mkono mfukoni. "Mdogo ana homa. Siku ya tatu leo." Na sauti yake haikuwa ya Mkurugenzi tena. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Pole, baba. Na kazi zaendaje?"

Akamtazama Bi Auma, akatazama sanduku. "Sijui," akasema.

"Huyo mtoto mkande kwa maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni," nikamwambia, na kutaja maji ndiko kulikonikumbusha. "Na maji ya Kuze, mwanangu, yatakuja lini?"

Watu mia nne wakamgeukia. Chonga akashusha vikombe vyake.

"Leo," akasema Bwana Kavumbi.

Yakaja, alasiri, mabowsa mawili. Mchele ulikwisha pikwa, na kwa kuwa hapakuwa na maiti tukaula kwa furaha, maafisa pamoja nasi.

Bi Auma aliagiza wananchi wote wafunguliwe. Ikaonekana mfumo unaweza kufungia watu mia kwa mpigo, lakini kufungua ni mmoja mmoja, kwa mkono, kwani Kamati haikudhani kuna atakayerudi. Bwana Kavumbi anafungua mwenyewe, kwa amri, na kila anayemfungua lazima amjulie hali na asubiri jibu. Jana alikuwa amefika mia tatu na nne. Watu wa Kuze hujibu kwa urefu. Chonga peke yake alimchukua saa nzima na nusu.

Mwanawe amepona. Nilikwenda kuuliza.

Kikombe kilichokuwa ndani ya sanduku Bi Auma hakukirudisha Nairobi. Alinikabidhi mimi, akapanda tuktuk. Kinaingia lita moja na nusu, na mdomo wake mpana humwaga maji polepole. Jioni ile niliteremka nacho kwa Mejumaa, nikamgeuza ubavu, nikamwosha mgongo wote hadi shingoni, maji ya kutosha, hakuna kukamua kitambaa.

"Chombo kizuri hiki," akasema, macho ameyafumba. "Umekitoa wapi?"

"Kwa marehemu."

"Mungu amrehemu," akasema Mejumaa. "Hebu nimwagie tena."