Biriani Iliyoliwa Kabla ya Mwezi

Jumatatu, 26 Ramadhani
Barua imefika. Wakaguzi watakuja wakati wowote, siku ya kazi. Nyumba yetu ya wazee hapa Chukwani isipopita, leseni hatuna, na wazee kumi na wanane watatawanywa. Bi Mwatum, miaka tisini kasoro, hana hata mpwa wa kumpokea. Bwana Mansour, mwenye nyumba, kaniita. Kasema Abrahman, weye ndiye Msimamizi wa Kanuni, nakutegemea. Nikamwambia alale unono. Sikumwambia kwamba daftari la dawa na chakula sijaligusa tangu Rajabu.

Jumanne, 27 Ramadhani
Muuguzi wetu, Fathiya, ana daftari lake mwenyewe. Nimelichungulia. Aibu! Kaandika kachelewesha dawa ya Mzee Sabri nusu saa. Kaandika Mzee Badar kateleza chooni, sakafu ilikuwa mbichi, kosa letu, tumetandika mkeka wa mpira. Mtu anajishitaki kwa kalamu yake! Nimemshauri alifiche. Kanijibu kanuni ni kuandika kilichotokea, siku kilipotokea. Kiburi kitupu. Anautaka usimamizi wangu, nnamjua.

Jumatano, 28 Ramadhani
Nimejaza miezi yote iliyopita kwa siku moja! Kalamu tatu za rangi mbalimbali, ili isijulikane. Hakuna aliyeanguka. Hakuna dawa iliyochelewa. Mkono umeniganda, futari nimelishwa na mke wangu, huku ananicheka.

Alkhamisi, 29 Ramadhani
Mwezi unaandama leo, soko zima la Darajani wanasema. Basi kesho sikukuu, wakaguzi watakuwa makwao, na mie kwangu. Ijumaa nimeijaza kabisa: "Saa saba mchana, wazee wote wamekula biriani. Bi Mwatum kaomba aongezwe." Hiyo ya kuongezwa nimeitia mwenyewe, daftari lipate uhai kidogo.
Magharibi. Mwezi haukuonekana. Tunakamilisha thelathini. Si kitu, nitafuta asubuhi kabla mtu hajafika.

Ijumaa, 30 Ramadhani
Yarabi toba! Baada ya daku usingizi ulinichukua mzima mzima. Nafika saa tatu na nusu, mkaguzi, Bi Rawiya, yuko juu ya kiti changu, daftari mkononi. Kaniuliza, kwa adabu kabisa, biriani ya leo saa saba imeliwaje na hata saa nne haijafika? Tena Ramadhani? Nikasema wazee wagonjwa hawafungi.
Laiti ningenyamaza. Bi Mwatum alikuwa mlangoni na tasbihi yake. Akauliza ni nani huyo kaandikwa kala mchana. Akatajiwa jina lake mwenyewe. Loo! Kanijia na mkongojo wake. Kasema tangu kuvunja ungo hajaacha funga ila kwa udhuru, na leo miye namlisha biriani kwa kalamu! Halafu akalia. Akasema nyumba ikifungwa kwa uongo wangu, yeye aende wapi? Nikamwomba radhi. Wallahi niliona haya, machozi yalinilenga.
Ndipo Fathiya akalileta lile daftari lake. Bi Rawiya kalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kasema hili analiamini, kwa kuwa lina makosa na jinsi yalivyorekebishwa. Hatukufungiwa. Tumepewa miezi mitatu ya kuangaliwa. Msimamizi sasa ni Fathiya, miye msaidizi wake. Bi Mwatum kamshukuru Mungu, kisha kamshukuru Fathiya. Mie hata hakunitazama.

Jumapili, 2 Mfungo Mosi
Sikukuu sikutoka, nilikuwa na kazi. Somo nimelielewa barabara. Wakaguzi hawataki daftari safi, wanataka makosa! Basi nimeshaijaza miezi yote mitatu inayokuja, kesho namkabidhi Fathiya, na safari hii atanishukuru mwenyewe. Dawa zitachelewa kila Alkhamisi. Mzee Sabri ataanguka Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, ubavu wa kushoto, na dawa ya kuchua nshamwandikia. Bi Mwatum nimempa mafua, mepesi tu, kwa kuwa bado namwonea haya.