Mama Mkwe na Maharamia wa Ghala la Pamba

Jumanne, 4 Februari

Mama mkwe amefika Nyamuswa kutoka Kisorya. Kuku wawili, mfuko wa udaga wa mihogo, rozari, na kilio. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jumatano ya wiki ijayo anatakiwa hospitali ya Musoma kupasuliwa. Amekataa. Amemwambia mke wangu Adventina kwamba giza analolijua ni bora kuliko kisu asichokijua.

Mimi simwoni, na yeye hanioni. Si kwa sababu ya macho. Ni heshima. Mkwe na mama mkwe hatukai chumba kimoja, hatuli sahani moja. Kwa hiyo nimehamishiwa jiko la nje, mimi na redio mbovu ninazotengeneza. Nyumba niliijenga mwenyewe! Nimekula ugali huku mbuzi akinitazama.

Adventina anasema niwe na shukrani, mama huyu ndiye aliyemzaa. Kweli. Nashukuru.

Jioni nimewasikia wakiongea kupitia dirisha. Mama alikuwa anasimulia. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mapadri wa Musoma walitundika shuka ukutani wakaonyesha sinema ya maharamia. Nyeusi na nyeupe. Nahodha amefungwa kwenye mlingoti, upanga uko shingoni. Mara mvua ikatoka ziwani, jenereta ikazima, watu wakakimbia. Mama akasema miaka sitini amekuwa akijiuliza kama yule baba alifunguliwa. Sasa rangi zote amebaki akiziona kama uji, cheusi na cheupe tu ndivyo vinampa nafuu. Kisu kikiharibu na hivyo, hatajua tena.

Wazo! Limenijia nikiwa na tonge mkononi.

Jumatano, 5 Februari

Bunda. Nimekwenda kwa Selestina, pale stendi, anayeingiza nyimbo na filamu kwenye simu. Nikamwomba haramia asiye na rangi. Akauliza jina la filamu. Nikamwambia haramia ni haramia. Akatafuta mpaka akapata. Meli, panga, minyororo, binti wa gavana, sharubu nyingi. Kiingereza kitupu. Itakuwa ndiyo hiyo hiyo. Zamani zile zilitengenezwa filamu ngapi? Mbili, tatu.

Njiani wazo likanenepa. Kwa nini aone Mama peke yake? Aone Nyamuswa nzima! Na Paschal akome. Paschal ana kibanda cha video na televisheni pana kama kitanda. Mpira, ngumi, mpira tena. Tangu afungue, hakuna anayeleta redio kwangu.

Nimetangaza sokoni: Jumapili mchana. Paschal akawaambia watu kwamba filamu yangu imechuja kama kitenge cha bandia. Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba rangi ni za watu wasio na hadithi. Jibu hili lilinijia baada ya nusu saa. Nilirudi kumwambia. Alikuwa ameshaondoka.

Alhamisi, 6 Februari

Butiama, kusaka projekta. Ninayoijua ni moja tu, ya kigango cha kanisa, na inatunzwa na katekista Stanislausi. Mtu mrefu, akikutazama unaanza kutubu.

Nilikusudia kusema ukweli. Nilianza vizuri. Nikasema filamu inamhusu mtu aliyesafiri baharini akapata mateso. Akauliza, ni mtakatifu? Mdomo wangu ukasema ndiyo. Mdomo huu! Akauliza mtakatifu gani. Nikasema ni wa zamani, kabla ya rangi.

Akafurahi mno. Akanipa projekta, akaifunga mwenyewe kwa kanga ya mkewe isitingishike. Mtu mwema. Nashukuru. Nimerudi kwa bodaboda nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Februari

Katibu wa chama cha msingi cha ushirika amenipa ufunguo wa ghala la pamba. Pamba iko shambani bado, ghala ni tupu. Halina madirisha. Giza hata saa saba mchana!

Kikwazo: Mama hawezi kukaa penye kundi nilipo mimi. Adventina amesema tuache. Mimi siachi. Nimetundika shuka katikati ya ghala, nikamulika. Picha inapenya! Upande huu mimi na watu, upande ule Mama na Adventina. Huko picha itageuka, wataona upanga umeshikwa kwa mkono wa kushoto. Si neno. Nilijipongeza kwa sauti.

Shuka ni lile la harusi yetu. Nimelitoa sandukuni Adventina akiwa kisimani. Nitamwambia.

Jumamosi, 8 Februari

Janga! Katekista amepiga simu. Kesho anakuja na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wote na sare, na nusu ya kwaya. Amewatangazia filamu takatifu. Wamekodi gari!

Nikalala nikasema naumwa homa. Adventina akanigusa paji la uso, akasema homa yangu haina joto.

Basi. Mpango mpya. Nitatafsiri mwenyewe. Kiingereza sikijui, lakini hata wao hawakijui. Nahodha atakuwa mtakatifu. Maharamia wake watakuwa wanafunzi. Gavana ni mpagani. Upanga nitaufikiria palepale.

Spika yangu inakoroma. Paschal anayo kubwa. Kumwomba Paschal? Heri nimeze jiwe.

Jumapili, 9 Februari

Niandike yote kabla sijasahau.

Saa nane mchana. Ghala lilikuwa na joto la kuivisha mandazi. Mbele akina mama wa WAWATA na sare zao, katikati wakulima wenzangu, nyuma wachungaji na fimbo zao. Katekista kwenye kiti. Paschal naye alikuja, akasema amekuja kucheka. Mama akapitishwa mlango wa nyuma.

Nikawasha. Meli ikatokea.

Hapa nikiri. Nilisahau uongo wangu dakika mbili nzima. Meli nyeupe, maji meusi, matanga yamejaa upepo. Hapakuwa na rangi hata moja, na bado niliona bluu ya ziwa asubuhi. Ghala lote likasema “Ooo!” Hata waliokuja kucheka.

Kisha nikaanza kutafsiri. Nikasema huyu ni mtakatifu, anakwenda kuhubiri. Mtakatifu akamchoma mtu upanga. Nikasema amemkemea. Mtakatifu akambusu binti wa gavana. Nikasema wametakiana amani. Katekista akakohoa. Mtakatifu akanywa pombe kwenye pipa. Nikawa natafuta neno, na ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka.

“Huyo si mtakatifu. Huyo ni haramia. Ameteka meli.”

Katekista akasimama. “Nani huyo anayesema?”

“Mimi Hyasinta wa Kisorya. Sinema hii niliiona Musoma nikiwa msichana. Padri mwenyewe ndiye alikuwaga anatuonyesha. Kaa chini, baba, kivuli chako kinaniziba.”

Katekista akanitazama. Nikatazama sakafu. Kisha akakaa. Kama padri alionyesha, angesema nini?

“Nyie akina mama,” Mama akaendelea, “msidanganywe. Huyo nahodha alikuwa seremala wa meli. Gavana alimtamani mchumba wake, akamsingizia wizi, akamtia minyororo. Ndiyo akatoroka na wafungwa wenzake. Anawaibia walioiba.”

Mama mmoja wa WAWATA akauliza kwa sauti kama haramia anaweza kuwa mtu mzuri.

“Sisi wa ziwani maharamia tunawajua,” akajibu Mama. “Walimchukulia marehemu mume wangu injini na nyavu, wakamwachia mtumbwi mtupu katikati ya maji. Wale hawakuwa na sababu. Huyu ana sababu. Tazameni.”

Wakatazama. Tangu hapo sikuhitajika. Mama alilisimulia ghala zima, na wapagani wangu wote wakarudi kuwa watu. Alisema nahodha ana jicho moja. Kwenye shuka alikuwa na mawili. Alisema ana kasuku. Mimi niliona mbwa. Filamu siyo ile! Lakini hakuna aliyelalamika. Gavana alikuwa mbaya vilevile, binti alikuwa mkaidi vilevile, meli ilikwenda vilevile. Hadithi yake ilikaa juu ya filamu yangu kama kifuniko kwenye sufuria isiyo yake, ikafunika.

Ghafla spika yangu ikapiga chafya, ikafa. Paschal akainuka akatoka. Nikajua amekwenda kuwaita wengine waje kucheka. Akarudi amebeba spika yake kichwani! Kule kibandani kwake mpira ulikuwa unaendelea bila sauti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Nataka kujua kama atapona. Shika waya huo, acha maswali.”

Na hapo nahodha akakamatwa. Wakamfunga kwenye mlingoti. Upanga shingoni.

Mama akanyamaza.

“Mimi niliishia hapa,” akasema baadaye, taratibu. “Mvua ikaja. Endelea wewe, mkwe.”

Miaka ishirini na miwili nimemuoa binti yake. Hajawahi kusema nami moja kwa moja mbele za watu. Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na wote mzuri. Nikafungua mdomo.

“Mama, Kiingereza sijui. Sijui wanasema nini.”

“Basi nyamaza, tuone.”

Tukaona. Hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyepotea. Binti wa gavana alinyata nyuma ya mapipa na kisu mdomoni. Akina mama wakampigia kelele aharakishe. Mlinzi akageuka, ghala lote likashika pumzi. Wachungaji wakagonga fimbo sakafuni. Katekista alikuwa amesimama juu ya kiti chake, mwavuli mkononi, anamfundisha nahodha pa kuchoma. Kamba ikakatika! Vigelegele vikapasua bati. Na nyuma ya shuka nikasikia bibi wa miaka sabini na zaidi anacheka kama msichana wa kumi na miwili.

Machozi yakanitoka. Nikamwambia Paschal ni joto. Akasema hata yeye, joto.

Jumatatu, 10 Februari

Katekista alilala kwa binamu yake hapa Nyamuswa ili anipate asubuhi. Hakupiga kelele, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nitafyeka uwanja wa kigango wiki mbili, na nitamwomba msamaha kila mama wa WAWATA kwa jina. Nikakubali. Akabeba projekta yake, akafika mlangoni, akarudi. Akauliza kwa sauti ya chini kama kwa Selestina ziko nyingine.

Adventina ameliona shuka. Lina alama za viatu vya watu wanne, na pembeni limeungua. Saa saba akaleta chakula. Kichwa cha sato kilikuwa kwenye sahani yangu. Kichwa, ambacho siku zote ni chake.

Akasema mama yake amekubali kwenda Musoma. Amesema mtu akifungwa mlingotini asitangulie kukata tamaa.

Nashukuru, nashukuru.

Alhamisi, 13 Februari

Musoma. Jana walimpasua Mama jicho moja. Kwenye basi yeye alikaa mbele, mimi nyuma kabisa, Adventina katikati akibeba maneno yetu kama posta.

Leo asubuhi wamemfungua bandeji. Mimi nilisimama nje ya mlango, mahali pangu. Nilisikia daktari akimuuliza anaona nini. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Kisha nikamsikia Mama akimwambia mke wangu, “Umenenepa.”

Adventina akalia kwa furaha. Daktari akacheka. Mimi nikakaa chini kwenye korido.

Baadaye Mama akaniita nisogee mpaka kizingitini. Akanitazama. Mara ya kwanza ananiona sawasawa. Nadhani alitegemea mtu mrefu zaidi.

“Mkwe,” akasema, “ile sinema haikuwa yenyewe.”

Nikauliza, ipi?

“Nahodha wa yangu alikuwa na jicho moja. Hata kipofu angejua.”

Nikaanza kuomba radhi, nikamtaja Selestina, nikaitaja stendi ya Bunda. Akainua mkono.

“Radhi ya nini? Mimi nilikuwa nautafuta mwisho. Wewe umeniletea. Watoto wangu wote walisikia hadithi ile, wote walikuwaga wanacheka. Wewe peke yako ndiye ulikwenda kutafuta. Asante, mwanangu.”

Mwanangu!

Nilitoka nikaenda kulitazama ziwa kwa muda mrefu. Adventina alidhani nimepotea.

Jumapili, 16 Februari

Misa. Nimetoa shukrani kwa kila kitu: kwa jicho la Mama, kwa la pili litakalofuata, kwa Adventina, kwa katekista, kwa Paschal na spika yake. Nimeapa mbele ya altare kwamba uongo nimeuacha kabisa. Nikarudi nyumbani mwepesi kama unyoya.

Baada ya chakula, nimewaza. Kwa nini tuhangaike na Kiingereza cha watu? Ziwa tunalo. Mapanga tunayo. Filamu ya maharamia tutengeneze wenyewe, Kisorya, kwa Kiswahili! Nitaipiga picha kwa simu, na rangi nitaziondoa.

Mtumbwi nimeshauomba kwa kaka yake Mama. Nimemwambia ni wa kubebea mihogo. Paschal atacheza gavana. Bado hajui, nimemwambia tunakwenda kupiga picha za harusi. Katekista nimemwomba kanzu kwa ajili ya ubatizo wa mtoto ambaye nitamtafuta. Kitambaa cheusi cha bendera nimekipata kwenye sanduku la Adventina, sketi ya msibani, haivai mara nyingi.

Jumamosi tunaingia majini mchana kweupe na bendera juu, mapanga yanang'aa, tunakwenda moja kwa moja kwenye kivuko cha Ukerewe kikiwa kimejaa abiria. Wavuvi wataelewa. Polisi wa ziwani ni watu wazima, wataelewa.

Kuogelea sijui. Lakini nahodha haogelei, anaamuru.