Bwana Zaidi na Miji Miwili

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari la taka, kwamba mji wa mlimani umeushinda rasmi mji wa bondeni katika nyanja zote zinazohusu wazazi wa kigeni na masomo ya watoto wao. Gari la taka lilitumika kwa sababu magari mengine ya halmashauri yalikuwa ziarani. Wananchi waliombwa kuupokea ushindi kwa utulivu, nao wakaupokea kwa utulivu mkubwa. Wengi walitoka na mapipa.

Aliyeuandaa ushindi huo alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Ulinganisho, mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya msoma habari. Mtaani walimwita Bwana Zaidi, na jina hilo alilitolea jasho. Ukimwambia bondeni kuna maktaba, atakujibu kwamba mlimani kuna ukimya zaidi. Ukimwambia bondeni kuna bwawa la kuogelea, atakujibu kwamba mlimani kuna watoto wakavu zaidi.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Shirika kubwa la kigeni la ujenzi wa barabara lilikuwa linatafuta mji wa kuweka makao yake. Wataalamu wake walikuwa na familia, na familia zilitaka shule ya kimataifa. Mji utakaopendwa na wazazi ndio utakaopata shirika, na utakaopata shirika ndio utakaopata barabara. Ndivyo Meya alivyoelewa, na Meya akishaelewa kitu, idara nzima nayo huwa imekielewa.

Shule ya mlimani ilikuwa shule ya kawaida ya matofali, yenye walimu wavumilivu na paa lililovuja upande wa darasa la tano. Bwana Zaidi akaifanya ya kimataifa kwa wiki moja tu, kwa kusimamisha milingoti ya bendera getini. Bendera moja haikujulikana ni ya nchi gani. Uchunguzi ukabaini kwamba ni tangazo la kampuni ya magodoro. Kikao kikaketi, kikaamua ibaki, kwa kuwa uhusiano wa mji na magodoro haujawahi kuwa na doa.

Kuhusu paa, tathmini yake ilisomeka hivi: "Mvua ya bondeni hunyesha ovyo. Mvua ya mlimani huwafikia wanafunzi mahali walipo, na hivyo kuwapa fursa ya kusoma jiografia kwa vitendo."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Bwana Zaidi hakuliingiza kwenye tathmini. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa anasoma bondeni, tena anakaa bweni. Haikuwa siri. Lilikuwa ni jambo ambalo watu hawajalijua.

"Mtoto analia kila Jumapili," mkewe alimwambia jikoni. Alikuwa muuguzi, na hakuwa na muda wa kuzunguka mbuyu.

"Analia kwa kiwango kinachokubalika."

"Kiwango cha nani?"

Bwana Zaidi akachukua funguo za gari. Jumapili ilikuwa siku ya kumrudisha binti shuleni. Njiani binti aliegemea kioo. Baba alisifia hali ya hewa, ya huku kuliko ya kule, mpaka alipovuka mpaka wa miji akakosa la kusifia.

Wakati wa kurudi alisimama kwenye kituo cha mafuta katikati ya njia, kwenye kijimkahawa chenye viti vya plastiki. Pale ndipo alipokutana, kama kawaida, na mkurugenzi mwenzake wa bondeni, mama mrefu mwenye miwani aliyejulikana kama Mama Takwimu. Yeye alikuwa anatoka kumrudisha mwanawe mlimani. Ndiyo, mlimani. Kijana alikuwa akisoma darasa la tano, lile la jiografia kwa vitendo, na kulala kwa bibi yake.

"Habari za huko juu?" akauliza Mama Takwimu.

"Tunawashinda."

"Na sisi tunawashinda vilevile."

"Hongereni."

"Nanyi pia." Mama Takwimu akakoroga chai. "Nilimpeleka kwenu kwa sababu walimu wenu wanawajua watoto. Akikohoa tu, napigiwa simu. Usinitangaze."

"Nikutangaze mimi? Maabara yenu ndiyo iliyonivuta. Nawe usinitangaze."

"Maabara ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini nilipita pale bwaloni juzi kukagua, Bwana Zaidi. Nikamwona binti yako anakula amegeukia ukuta."

"Amegeukia ukuta?"

"Watoto wamejaa mno. Walezi wanahesabu sahani, hawahesabu nyuso."

Bwana Zaidi alifungua mdomo ili aseme kwamba mlimani kuna kuta bora zaidi. Akanywa chai yake bila kuitia sukari, na wala hakugundua.

Ijumaa iliyofuata shirika lilituma familia moja kuja kuitazama shule ya mlimani. Mama alikuwa mhandisi wa barabara, na kwa kuwa alikuwa amefanya kazi nchini kwa miaka mingi, Kiswahili chake kilinyooka kuliko barabara zetu. Mumewe, mtu mkimya, alibeba mtoto mchanga kifuani. Kati yao alitembea binti mwenye shungi la nywele na maswali mengi.

Meya aliongoza msafara. Alionyesha milingoti, akaonyesha ua, akaonyesha mahali ambapo maabara itajengwa pindi mahali hapo patakapopatikana. Mwalimu mkuu, mama mnene wa sauti ya chini, alijaribu mara kadhaa kusema neno kuhusu masomo, akaombwa asiharibu ratiba.

Walipofika darasa la tano, binti wa mhandisi akamgeukia Bwana Zaidi.

"Shikamoo, mjomba. Wewe una mtoto?"

"Marahaba. Ninaye mmoja."

"Yuko darasa gani hapa?"

Bwana Zaidi akanyoosha tai yake. "Suala la mtoto wangu liko katika mchakato."

"Mchakato ni darasa la ngapi?"

Meya akacheka, akaingilia kati. "Watoto wa viongozi wote wanasoma hapahapa, mwanangu! Mkurugenzi, hebu mlete binti yako ampokee mwenzake." Meya hakujua. Hakuwa na desturi ya kujua.

Bwana Zaidi akajitenga nyuma ya tangi la maji, akampigia mkewe. Bahati nzuri, au mbaya, bondeni walikuwa wamefunga kwa mapumziko mafupi na binti alikuwa nyumbani.

"Mwazimie sare ya mtoto wa jirani, umlete shuleni. Upesi."

"Unataka nimfundishe mwanangu uongo?"

"Si uongo, mama. Ni uwakilishi."

"Namleta," mkewe akasema. "Sare atavaa. Maneno ni yake."

Binti akaja, sketi imemzidi kiuno, mama yake nyuma amekunja mikono. Akawaamkia wakubwa wote mmoja baada ya mwingine. Meya akamshika bega kama anazindua kitu.

"Haya, mwambie mgeni wetu unavyoipenda shule yako."

Binti akamtazama baba yake. Bwana Zaidi alikuwa amejiandaa kumkonyeza. Mbele yake akaona mtoto anayekula amegeukia ukuta. Akashindwa kukonyeza. Akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayesema, sema tu, mwanangu.

"Shule yangu iko bondeni," binti akasema.

Nje kamba ya bendera iligonga mlingoti. Mwenyekiti wa bodi ya shule akakohoa.

"Kule kuna maabara nzuri," binti akaendelea, akimwambia mwenzake na si wakubwa. "Nimeona mguu wa nzi kwenye darubini. Una manyoya! Lakini mwalimu haniiti jina langu, ananiita wewe wa dirishani. Hapa paa linavuja, rafiki zangu wanahamisha madawati mvua ikija. Ila walimu wanajua hata nani hajanywa chai. Mimi ningechagua hapa, kwa sababu jioni ningerudi nyumbani. Darubini ningeikosa sana."

Mama yake akakunjua mikono.

"Asante," mhandisi akasema taratibu. "Huu ndio ulinganisho wa kwanza niliousikia tangu nifike." Kisha akamgeukia Meya. "Na wa kwako, Mheshimiwa, wako darasa gani?"

"Mapacha wangu? Hao wako ng'ambo. Kwa muda."

"Tangu lini?"

"Tangu chekechea."

Mwenyekiti wa bodi hakungoja aulizwe. Alisema anaitwa kwenye simu, ingawa simu yake ilikuwa mkononi na imezimwa.

Mhandisi hakukasirika, na hilo ndilo lililowatisha. Alisema tu kwamba familia za shirika zitakwenda kwenye mji ambao wakubwa wake wanawaamini walimu wake kwa watoto wao wenyewe, na kwamba atarudi muhula ujao kuwaona watoto hao kwa macho.

Usiku ule Bwana Zaidi alilala akijua ameshafukuzwa kazi. Asubuhi akasikia gari la taka. Meya, ambaye hakuwahi kushindwa na hakukusudia kuanza, alikuwa ametangaza kwamba watoto wa viongozi wote watahamia shule ya mji kuanzia muhula ujao, na kwamba wazo hilo ni lake tangu utotoni. Bondeni waliposikia, nao wakatangaza vivyo hivyo kabla ya saa sita.

Meya alidhani tangazo lingetosha, kama yalivyotosha mengine. Lakini tangazo hulisikia kila mtu, wakiwemo mapacha. Wakapiga simu kutoka ng'ambo wakisema wameshafungasha.

Muhula ukafunguliwa. Mapacha wa Meya wakapangwa darasa la tano, na paa likazibwa kabla mvua ya pili haijanyesha. Wataalamu walisema kwamba kuziba paa lile kulikuwa hakuwezekani. Inaelekea halikuwa limeambiwa. Binti wa Bwana Zaidi akahamia nyumbani na sanduku lake, na baba yake akamwandikia Mama Takwimu, kwa njia rasmi, kuomba azimwe darubini moja. Mama Takwimu akajibu, kwa njia rasmi, kwamba mwanawe naye amerudi bondeni, na kwamba anaomba mwalimu mmoja anayejua majina. Wakabadilishana.

Shirika la barabara lilichelewa kuamua, kisha likaweka makao yake katika mji wa tatu, ambako hakuna aliyekuwa amelinganisha chochote. Meya akaona huo ndio mwanya wa kuwarudisha mapacha ng'ambo. Mapacha wakakataa. Walikuwa wameingia kwenye timu ya mpira. Tena uhamisho, akaambiwa, hujadiliwa kwenye kikao cha wazazi.

Basi akaja kikaoni, amechelewa, anatafuta meza kuu kwa macho. Meza kuu haikuwepo.

"Mzazi, karibu," mwalimu mkuu akasema kwa sauti yake ya chini. "Waliochelewa wanakaa nyuma."

Meya akajikunja kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu, kando ya Bwana Zaidi na mkewe. Mwalimu mkuu alikuwa anawauliza wazazi mmoja mmoja. Bwana Zaidi alipoulizwa binti anaendeleaje, alisimama, akasafisha koo, na mkewe akajiandaa kwa hotuba.

"Anakula mezani na sisi," akasema. Akakaa.

"Mzazi wa mapacha."

Meya akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ndugu wananchi..."

"Hapana, mzazi. Nauliza tu, kazi za nyumbani wanasaidiwa na nani?"

"Suala hilo tumeliundia kamati."

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Kamati hiyo inakaa nyumbani kwenu?"

"Bado iko katika mchakato."

"Basi Jumatatu, kabla ya kengele, uje wewe. Nikuonyeshe daftari zao zilivyo."

Meya akatazama huku na huku akimtafuta msaidizi wake wa kumjibia maswali magumu. Hakumwona. Msaidizi alikuwa chumba cha pili, amekaa kwenye dawati dogo zaidi, akihojiwa na mwalimu wa darasa la tatu.

"Nitakuja, mwalimu," akasema Meya.